Mwamvua na Samaki wa Mkia Wenye Mistari

Shangazi yangu Mwamvua binti Shehe hakuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, na wala hakuitafuta kazi hiyo. Pale Pongwe walimwita Mwamvua Pilipili. Alikuwa akikaanga perege kando ya barabara, na mteja aliyebinya samaki wake mara mbili bila kununua aliambiwa waziwazi aende akabinye shavu la mkewe. Mimi naitwa Khairat, mtoto wa kaka yake, na nimechoka kuwasikia watu wasiomjua wakimsimulia kama kichekesho. Nisikilizeni mimi niliyekuwapo.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na lambo, mahali kijito kilipozibwa zamani na watu wa mkonge. Humo waliishi perege wa kwetu, weusiweusi, mkubwa wao kiganja kimoja. Miaka ile ya dhiki, sukari ilipogawiwa kwa kaya na sisi tulipofulia majani ya mpapai, lambo halikufunga mlango hata siku moja. Wanawake wawili wakiingia na kanga moja walitoka na kitoweo. Hapakuhitajika mtumbwi, wala nyavu, wala ruhusa ya mume.

Mwaka wa themanini na nane, serikali imeshafungua biashara na neno ruksa limeshakolea midomoni, akaja mfanyabiashara mmoja wa Usagara aitwaye Uweso. Alikuja na pikapu na pipa la vifaranga vya samaki. Perege wa huku huku, alisema, ila wamelelewa vizuri, watajaza lambo mpaka hoteli zije kununua. Mwenyekiti wetu, Yasini, alifurahi kama bwana harusi. Akaamua kila kaya ichukue kopo moja la vifaranga, ikamwage lamboni kwa mkono wake, asije mtu kesho akasema hakushirikishwa.

Hapo ndipo lilipoingia kosa letu, nami silifichi. Dhiki ilikuwa imetufundisha kupanga foleni kwanza na kuuliza baadaye. Ukiona migongo imefuatana, unajiunga, kinachogawiwa utakijua ukifika mbele. Ukiwa na shughuli unaacha jiwe au kandambili mahali pako, na jiwe lako linaheshimiwa kama wewe mwenyewe. Maduka yalikuwa yamejaa tena, lakini miguu yetu haikuwa na habari hiyo. Ijumaa ile baada ya swala foleni ilianzia kwenye pipa la Uweso, ukingoni mwa lambo, ikapinda hadi msikitini. Mimi nilikuwa wa kumi na nne. Kopo mkononi, na samaki wenyewe sijawatupia jicho.

Shangazi akaja na bakuli lake jeupe la bati, akapita foleni nzima mpaka mbele.

"Shikamoo, mama," akasema Uweso.

"Marahaba. Nitilie humu wawili watatu, wale wakubwa."

"Wakubwa na wadogo ni wale wale, mama."

"Kama ni wale wale, hutaona taabu kunipa wakubwa."

Uweso akamtilia wa urefu wa kidole. Shangazi akainama ukingoni, akachota perege wetu wa kimo hicho hicho, akawachanganya. Ndani ya bakuli jeupe walifanana. Wote walikuwa na mistari myeusi ubavuni, na Yasini aliyekuja kuchungulia akaanza kucheka.

"Si ndugu hao?"

"Mistari ya ubavuni kila mtoto wa perege anayo, isikuhadae," akasema Shangazi. "Tazama mkia. Wa kwetu mkia wake mtupu. Huyu wake una mistari imesimama, imepangana kama meno ya kitana. Huyu ni sato, samaki wa ziwani."

"Akikua inafutika," akasema Uweso.

"Ya ubavuni hufutika. Ya mkiani hukolea."

Sijui mpaka leo kama Uweso alituongopea au naye aliongopewa huko alikowanunua. Alitazama mkia ule, akatazama pipa lake. Aliyejibu ni Yasini.

"Haya, na awe sato. Sato ana kosa gani? Si ndiye mkubwa?"

"Mkubwa, ndiyo. Nilikaa miaka kumi na marehemu mume wangu kwenye shamba la mkonge huko Korogwe. Wenye shamba waliwatia hawa kwenye lambo la huko. Mvua ya kwanza tukapiga vigelegele. Mvua ya tatu hapakuwa na perege hata wa dawa. Na sato akikua haingii kwenye kanga, bwana. Anakaa kwenye kina, anataka nyavu na mtumbwi. Wenye nyavu wakawa wanaume, na sisi tukaanza kununua tulichokuwa tukijichotea bure."

"Mwamvua, zama zimebadilika. Sasa ni ruksa."

"Ruksa ya kuuza. Ya kudanganya nani kaitoa?"

Akataka vifaranga wakae kwenye pipa siku arubaini, wakue, kila mwenye macho ajionee mikia. Yasini akatikisa kichwa. "Foleni imeshaanza," akasema. Na sisi sote tukaona hiyo ni hoja. Foleni imeshaanza!

Shangazi akashuka na bakuli lake, mtu mmoja mmoja, akituonyesha. Kila aliyeonyeshwa alisema "ni kweli" kisha akasogea hatua moja mbele. Jirani yetu Hafsa alimjibu kwa adabu kabisa: "Mistari naiona, Bi Mwamvua, lakini nikitoka hapa nafasi yangu nampa nani?" Kisha akafika kwangu. Alinionyesha bakuli, akanitazama usoni, akaenda zake. Bora angenitukana.

Akaingia lamboni mpaka magotini. Akavua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya maji pale pale watu walipoelekezwa kumwaga, kopo la kwanza likiwa bado halijamwagwa. Lakini kanga ya kutanda samaki ni ya watu wawili, hilo kila mwanamke wa Pongwe analijua. Alisimama ameshika ncha mbili, na zile nyingine mbili zikazama. Watu wakaangua kicheko. Mwanamke wa miaka hamsini amesimama majini na nusu ya mtego!

Nilitoka kwenye foleni. Wallahi, kwa mazoea, niliweka kwanza kopo langu chini kushika nafasi. Kisha nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikaliokota kopo, nikaingia majini, nikazishika ncha zile mbili.

"Umechelewa," akasema Shangazi.

Kisha akapaza sauti: "Haya, mwageni! Mwageni, msiogope!"

Wa kwanza akamwaga, samaki wakaangukia kwenye kanga. Tukainua, tukawatupa majanini. Wa pili akamwaga, tukawatupa. Wa tatu akasitasita. Hafsa alipofika alitutazama, akalitazama kopo lake, akacheka, akalimwaga majanini kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya Hafsa foleni ikakatika, na nguvu ya foleni ni kutokatika. Yasini alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Uweso alipandisha kwenye pikapu pipa lake na vifaranga waliobaki, akaenda kuwauza kijiji cha juu, kwenye lambo lao, na huko hakukuwa na bakuli jeupe.

Kwa miaka tisa tulikula perege wetu. Kisha ikaja mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba, ile ya El Nino. Lambo la juu likapasuka, maji yao yakawa maji yetu. Yalipotulia, samaki wa kwanza niliyemwinua alikuwa na mistari mkiani. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema.

Yasini, mzee sasa, akaja na fimbo yake. "Haya, Mwamvua. Basi vurugu yote ile ilikuwa ya nini?"

"Miaka tisa umekula perege, Yasini, na wanao wamekula. Vurugu ilikuwa ya hilo."

Tangu siku ile Shangazi aliingia lamboni kila asubuhi, miaka yake sitini na magoti mabovu. Mkia mtupu, anarudi majini. Mkia wa mistari, kikaangoni. Watu walimwambia anajisumbua, sato wamekuwa wengi kumshinda. Aliwaambia sato hawajamwambia hivyo wao wenyewe.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwenye kazi hiyo nilimpa samaki aliyenishinda kumtambua. Mkiani alikuwa na mistari, lakini imekatikakatika, mingine imeishia katikati. Shangazi alimgeuza upande huu na huu. 

"Wamezaliana," akasema. "Huyu mama yake ni wetu."

Nikamuuliza tumfanyeje. Akamtupa kikaangoni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Lete mwingine," akasema.