Kasuku wa Kufunguliwa

Kwetu Masisi ndege alikuwa wa kufukuzwa. Nilipokuwa mdogo mama alinituma kulinda mtama, nami nilishinda kilimani nikipiga kopo na kupayuka mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo muyomba wangu wa Walikale aliponiambia kuna watu wanaolipa ili waamke alfajiri waende kuangalia ndege tu, bila kumpiga wala kumla, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka," akasema. "Kesho utavaa boti za mpira miguuni, tutaenda na wewe."

Vita vilikuwa vimetutawanya. Mama alibaki Mweso na wadogo wangu, mimi nikapelekwa kwa huyu kaka yake, ambaye alioa Walikale na anaongoza wageni katika msitu ambao kijiji kiliutenga usikatwe. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari. Kazi sikuwa nayo. Ndoto nilikuwa nazo, zile kwangu hazikosekani.

Tulifika kabla ya jua kwenye uwanda wa tope katikati ya msitu. Ukungu ulikuwa mzito. Muyomba akatukalisha mimi na wageni nyuma ya ukuta wa majani, akaweka kidole mdomoni tunyamaze. Kwanza tulisikia kelele juu, kama soko siku ya soko. Kisha kasuku wakaanza kushuka, wa kijivu, mikia myekundu, wengi mno, wakitua kwenye tope na kusukumana, wakizomeana kama akina mama kwenye bomba la maji. Mgeni mmoja, baba mzima mwenye kitambi, alinipa darubini yake huku analia. Nami nikalia. Sikujua kwamba ndege anaweza kukutoa machozi bila kukulia mtama.

Toka siku hiyo nikawa msaidizi wa muyomba. Nilijifunza kutembea bila kuvunja vijiti, kuwatofautisha hondohondo kwa mlio wa mabawa, kuwaambia wageni waache manukato. Nilikuwa nimeshajishonea kofia kichwani mwangu: ya kijani, na kasuku mbele. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba nitamjengea nyumba ya bati kwa pesa za ndege. Akaniuliza kama nina malaria.

Lakini kila kitu kilisimama juu ya jambo moja, na muyomba hakunificha. "Kasuku wakiacha kushuka pale, hakuna mugeni atatoka Goma kuja kuangalia tope. Na mugeni akikosa, watu watasema: huu musitu tunaulindia nini? Wataingia na mashoka."

Basi asubuhi moja tulikuwa tunarudi na wageni tukakutana na kijana mwenye kikapu. Alikuwa amechimba madini kwa mkono kwenye mgodi wa Bisie, kabla mashini za kampuni hazijawaondoa, na sasa alinasa kasuku kwa ulimbo, ile gundi ya utomvu wanayopaka matawini. Ndani ya kikapu kulikuwa na kasuku mmoja. Alikuwa ametulia kabisa, anatuangalia kwa jicho moja.

Mama mmoja muuguzi, kati ya wageni, akauliza, "Unamupeleka wapi?"

"Kwa mununuzi. Atapanda ndege, Mama. Ndege ndani ya ndege."

Muuguzi hakucheka. Alitoa pesa, akachukua kikapu, akakifungua mwenyewe. Kasuku akatoka kama jiwe lililorushwa, akapita juu ya vichwa vyetu akapotelea kwenye miti. Tulipiga makofi. Muyomba alipiga kuliko sisi wote. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa na tukauimba mpaka kijijini, na mimi nikasema moyoni kwamba hii njo siku nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Wageni waliofuata walikuwa wamekwisha kuambiwa. Na yule kijana alikuwa ameketi njiani anatungoja, pamoja na mwenzake, kila mmoja na kikapu.

"Karibuni! Hawa njo wa kufunguliwa."

Wakafunguliwa. Makofi tena, picha tena. Safari iliyofuata vikapu viliongezeka, na kwa kuwa siku nyingine wageni walichelewa na kasuku walikuwa wanaponyoka, vijana wakaanza kuwakata manyoya ya mabawa. Mgeni angelipa, angemweka kasuku juu ya tawi, angepigwa picha naye, angemwambia "enda, mupenzi," kisha angeenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa wa mwisho kuondoka. Niliwaona wakianguka. Wengine walitembea kwenye majani kama kuku, wakijaribu kupanda mti kwa mdomo.

Nilikuwa nawaokota ndani ya pagne yangu, kitenge cha kujifunga. Muke wa muyomba akatupatia kona ya jikoni, karibu na mafiga. Nikawapa mahindi, ndizi, mawese kidogo. Nilidhani manyoya yataota upesi. Walijing'oa wenyewe yale machache yaliyobaki. Asubuhi nilikuta mmoja amelala chali, kisha mwingine. Muke wa muyomba aliacha kuniuliza, akawa ananipa tu jembe.

Wakati huo, kule kwenye tope, kelele ilikuwa inapungua. Wageni walikaa nyuma ya majani mpaka miguu inakufa ganzi, na kasuku wachache waliofika walizunguka juu bila kushuka. Muyomba alimfuata yule kijana nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Unatumaliza," akamwambia.

"Papa, wewe unauza kuangalia, mimi nauza kufungua. Tuko na muteja mumoja."

"Wale hawarudi juu, unajua."

"Na mimi nilirudi wapi?" Akatuonyesha mikono yake, kucha zilizopondwa na mawe. "Unitafutie kazi ingine, Papa, kesho naacha. Ao unipe ya huyu dada, ya kutembea na kuonyesha kwa kidole."

Muyomba hakuwa na kazi ya kumpa. Tulirudi nyumbani. Usiku aliamua: mgeni wetu hatanunua tena kasuku yeyote. Kama hakuna anayenunua njiani, labda watachoka. Aliliamini hilo, na mimi niliishi kwa kulishikilia.

Siku ambayo naikumbuka kila nikiamka, muyomba alikuwa na homa, nikaongoza peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeiota siku hiyo mno. Wageni walikuwa wachache, kati yao mama mmoja mpole aliyeniita "binti yangu" tangu mwanzo. Tulikaa kwenye tope mpaka ukungu ukaisha. Hakushuka hata mmoja. Niliwaonyesha kipepeo.

Kwenye njia ya kurudi yule kijana alikuwa amesimama na pikipiki yake, na kikapu kimoja.

"Dada, huyu njo wa mwisho. Nimekaa siku mingi kumupata. Munafungua ao hamufungui?"

Mama mpole alikuwa amekwisha kufungua mkoba. Nikamshika mkono.

"Hapana, Mama. Hatununui."

"Binti yangu, muangalie tu. Anatetemeka."

"Ukimununua, kesho ataleta wengine."

"Hakuna wengine," kijana akasema. Hakunizomea. Aliongea taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Si umetoka pale kwenye tope sasa hivi?"

Mama akaniangalia. "Una roho gani wewe?"

Nilitaka kumwambia kuhusu jikoni, kuhusu jembe. Nilibaki nimemshika mkono, na yeye hakuutoa kwa nguvu, aliuacha tu, kama vile unamwachia mtu ambaye humjui. Kijana alingoja kidogo. Kisha akafunga kikapu nyuma ya pikipiki kwa mpira, akapiga teke, mashini ikawaka.

Hapo njo kasuku akaanza kuita. Aliita kwa sauti yote, tena na tena, na sisi sote tukainua macho juu ya miti, hata yule kijana, mguu mmoja chini. Juu hakuna aliyemwitikia. Kijana akaondoka naye.