Nilitengeneza tangazo la kifo cha dani, na dani yuko hai

Admin, ficha jina langu kabisa, na usiweke voice note yangu, hapa Kisumu watu wananijua kwa sauti. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Nyalenda. Chuo sikumaliza lakini mambo ya kompyuta nimejifunza mwenyewe, na simu tu. Kazi yangu ni kurekodi skrini. Kama uko na app ama website unauza, mimi nabonyeza hapa, nabonyeza pale, huku naongea, "gusa hii kitu ya kijani, ngoja kidogo, umeona?" mpaka hata mama mzee anaelewa.

Sasa kuna bosi ako na website ya kutengeneza matangazo ya mazishi. Mnajua huku kwetu matanga ni kitu kubwa. Akataka video. Picha za mfano zilikuwa za wazungu wazee wanacheka, nikasema hapana, hizi nani atanunua? Nikaingia kwa simu nikatoa picha ya dani, nyanya yangu aliyenilea, akiwa na kitambaa nyeupe ya kanisa. Jina niliandika ya uongo. Na kwa sauti nikasema mara mbili, "huu ni mfano tu jamani."

Video ikashika! Wateja wakajaa, bosi ananipigia anacheka. Lakini mtu akapiga screenshot ya lile tangazo peke yake, na screenshot haina sauti. Ikaingia group ya ukoo. Wakasema jina limekosewa lakini uso ni wake.

Asubuhi shangazi akatoka Maseno na watu wengine wa ukoo mpaka kwa dani, analia uwi! uwi! tangu barabarani. Mlango ukafunguliwa, dani huyo, ameshika beseni ya omena, wale samaki wadogo anauza sokoni.

"Mnamlilia nani kwangu?"

Shangazi alitoka mbio, kiatu kikabaki.

Dani akaambia wale wengine, "Kama nimekufa, mbona hakuna mtu amechinja kuku?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu hiyo siku hali chakula vizuri, anasema kuna mtu ameshamchimbia kaburi. Sokoni wateja wanampita, eti hiyo ni omena ya marehemu.

Na sasa ndio hapa siwezi kutulia. Wameamua ni mke wa amu yangu ndiye alifanya, juu aligombana na dani kuhusu mpaka wa shamba, na ndiye ako na simu kubwa pale boma. Amefukuzwa pamoja na watoto wake. Alinipigia akilia, "Nyathiwa, mtoto wetu, wewe unajua hizi mitambo, si utafute nani alifanya hivi?" Nikamwambia, "Sawa anti, nitaangalia." Nitaangalia! Mimi!

Nilimwomba bosi atoe video. Akasema, "Hiyo ndiyo inauza, ukiitoa utoke nayo."

Jumapili kuna maombi nyumbani na anti ataapishwa mbele ya wazee. Nikinyamaza, mtu hana makosa anaapa kwa ajili yangu. Nikisema, dani atajua aliyemzika ni ule mtoto alibeba mgongoni. Dani mwenyewe amenipigia leo: "Njoo Jumapili ukae karibu na mimi, wewe ndio naamini."

Ungekuwa wewe ungefanya aje? Nitusi ukitaka, lakini niambie. Nimepanga nguo kwa begi na kuzitoa mara tatu.