Tumbo la Mwamvua

Watu wengine wakimeza dawa husema bismillahi, basi. Mwamvua husema bismillahi, kisha humtaja Hamida. Kila asubuhi, akishakula, katika nyumba yake ya vyumba viwili huko Nzuguni, hujaza maji kikombe kikubwa, huweka kidonge ulimini na kusema, "Hamida, bado nipo." Ndipo humeza. Majirani waliowahi kumsikia hudhani Hamida ni ndugu yake marehemu. Hamida ni mzima wa afya huko milimani Kondoa, na Mwamvua humwombea maisha marefu, maana maiti haioni aibu.

Mambo yalianza miaka saba iliyopita. Wakati huo Mwamvua alikuwa mke wa Athuman, na Hamida ni dada yake Athuman. Athuman alikwenda kufanya kazi za ujenzi mbali, akakaa miezi kumi bila kurudi. Katika miezi hiyo Mwamvua alikonda uso na mikono, akawa anashiba kwa matonge mawili, huku tumbo likipanda. Hamida, aliyekaa nyumba ya pili, hakuuliza mtu. Alihesabu kwa vidole, akampigia kaka yake simu.

"Njoo uone mkeo alivyokutunzia nyumba," alimwambia.

Athuman akaja, akaona, akatoa talaka tatu hata viatu hajavua. Na kwa kuwa shehe aliambiwa mwanamke ni mjamzito, alisema linalosemwa siku zote: eda ya mjamzito haiishi mpaka azae. Mwamvua atulie mle mle ndani, asubiri.

Basi kijiji kizima kikakaa kumsubiri mtoto. Mkunga alimpapasa, akasema mtoto amejibanza ubavu wa kushoto, mkaidi kama mama yake. Mwezi wa tisa tangu talaka ukapita, wa kumi, wa kumi na mbili. Mzee mmoja akasema vitabuni imetajwa mimba inayoweza kulala hadi miaka minne, kwa hiyo hakuna haraka. Kila Ijumaa Hamida alikuja na wenzake kusimama mlangoni.

"Wifi," alikuwa akisema, "huyo mtoto anaogopa kutoka kwa sababu hamjui baba yake?"

Wenzake walicheka. Kati ya wote waliofika nyumba ile, aliyewahi kumuuliza Mwamvua kama tumbo linauma alikuwa mmoja tu: Munira, binti wa Hamida, mwenye miaka kumi na miwili. Linauma, Mwamvua alimjibu, na yule mtoto akakaa naye kimya mpaka alipoitwa.

Mwezi wa kumi na tatu Mwamvua alianguka. Kaka yake, Abdulwahab, akasema eda au si eda, akampakia kwenye lori la alizeti mpaka hospitali, Dodoma mjini. Daktari alibonyeza tumbo mara moja tu.

"Mama, hapa hakuna mtoto. Hii ni bandama, imevimba."

Walipima damu wakakuta chembe nyeupe zimezidi mara hamsini. Wakamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Mwamvua alicheka, muuguzi akadhani amechanganyikiwa. Saratani. Alhamdulillahi, si mimba.

Aliyemweleza yote alikuwa Devota, mtafiti wa jeni, Mgogo mpole mwenye mikono inayonuka spiriti. Alimchorea kwenye karatasi. Ndani ya kila seli kuna nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili, alisema, nazo zina namba. Katika seli moja tu ya uboho wa Mwamvua, uzi wa tisa na uzi wa ishirini na mbili zilikatika, zikabadilishana vipande. Pale vilipoungana pakazaliwa jeni jipya, ambalo kazi yake ni kuamuru chembe nyeupe zizaliane bila kupumzika. Bandama ikajazwa mpaka ikawa tumbo.

"Nimelirithi?" Mwamvua aliuliza.

"Hapana. Hukuzaliwa nalo."

"Nimeambukizwa na mwanamume?"

"Haliambukizwi, mama. Ni ajali ya ndani ya seli."

"Naweza kuandikiwa hivyo?"

Devota alimpa nakala ya majibu. Mwamvua hakuelewa herufi zake, ila alielewa kwamba ile ni hati ya kumsafisha. Akaipeleka stesheneri ikafunikwa nailoni ngumu, akaiweka chini ya godoro.

Dawa alipewa katika utafiti wa kina Devota, kidonge kimoja kwa siku, maisha yake yote labda. Wagonjwa wengi wa utafiti ule walikuwa wakiacha wakishapata nafuu. Tumbo linanywea, nguvu zinarudi, mtu anajiona amepona. Mwamvua hakuruka hata siku moja. Kidonge kilimpa kichefuchefu na kumvimbisha kope, naye akameza. Kila miezi mitatu Devota alichukua damu na kuhesabu lile jeni limebaki kiasi gani: kwanza hamsini na nane kwa mia, halafu kumi, halafu moja, mwishowe chini ya moja kwa elfu. Devota alimuuliza siri ya uvumilivu wake ili aiandike kwenye ripoti. Mwamvua akasema ni imani. Hakusema imani katika nini.

Kwa miaka yote hiyo alifanya vibarua vya kupogoa mizabibu Makutupora, na kwenye kila safu alifanyia mazoezi hotuba ya siku atakayorudi kijijini. Jina lake lilikuwa bado limelala kule milimani, katika midomo ya watu, na alilitaka. Kwa hiyo Devota alipotangaza kwamba timu itazunguka vijijini kuwafundisha watu dalili za ugonjwa, akaomba mgonjwa mmoja wa kutoa ushuhuda, Mwamvua aliinua mkono.

"Ila nitakwenda kijiji kimoja tu," alisema, akakitaja.

Walifika siku moja kabla ya mkutano, wakalala kwa mwalimu. Alasiri ile Hamida akaingia kwa mlango wa uani, mtandio umemfunika mpaka macho. Alikuwa amezeeka. Mwamvua aliona hivyo kwa furaha.

"Wifi," Hamida alianza.

"Sina wifi. Kaka yako aliniacha."

Hamida akakaa chini kwenye sakafu. Maneno yakamtoka kwa shida. Munira alikuwa na mimba ya miezi sita. Kijana mwenyewe amekimbia. Uwesu, baba wa binti, hajui. Ameambiwa ni bandama, neno lililokuja na tangazo la mkutano, lakini watu wameanza kunong'ona.

"Wewe watakuamini," Hamida alisema. "Sema tu kwamba ana ugonjwa wako. Nitamtoa hapa kama anakwenda kutibiwa. Nakuomba kwa Mungu."

Mwamvua alimtazama. Mtu huyu alichukua ugonjwa wake akaugeuza mimba. Leo anayo mimba anataka kuigeuza ugonjwa. Alitaka kucheka, akaona bado mapema.

"Kesho," alisema, "utasimama mbele ya watu uyafute uliyonisema. Ukishamaliza, na mimi nitasema habari ya mwanao."

Hamida akambusu mkono.

Siku ya pili uwanja wa shule ulijaa. Devota alieleza habari za damu na bandama. Kisha Hamida akasimama. Alisema yote: kwamba tumbo la Mwamvua halikuwa mimba, kwamba yeye ndiye aliyempigia Athuman simu, kwamba alimsingizia mwanamke safi. Wanawake waliokuwa wakicheka mlangoni waliinamisha vichwa. Yule mzee wa vitabu alijikohoza. Mwamvua alisikia jina lake likimrudia, jepesi, zima, baada ya miaka saba.

Angeweza kukaa hapo. Alikuwa amepata alichokifuata. Lakini chuki iliyolelewa kwa kidonge kila asubuhi haiambiwi basi ikasikia. Akasimama, akainua ile karatasi ya nailoni.

"Ugonjwa wangu una kipimo," alisema. "Hiki hapa. Jana Hamida ameniomba nimwazime mwanawe ugonjwa huu. Siwezi. Munira si mgonjwa. Munira ni mjamzito."

Munira alikuwa amekaa mstari wa mbele kwa wanawake, amejifunika khanga mbili. Hakulia. Alimtazama Mwamvua tu, na watu wote wakamtazama yeye, tumboni.

Walipokuwa wakifungasha vifaa, Devota hakumtazama Mwamvua usoni.

"Mama, mimi namba za wagonjwa wangu nazifungia kabatini," alisema. "Hilo nalo lilikuwa la kufungiwa."

Kabla ya magharibi Uwesu alikuwa ameshatupa nguo za binti yake nje. Gari la watafiti ndilo pekee lililokuwa likiondoka kijijini, na Munira akapanda. Mwamvua akamchukua nyumbani kwake. Msimsifu. Huruma ilikuwepo kidogo, lakini kilichomsukuma ni kingine: alitaka mjukuu wa kwanza wa Hamida azaliwe chini ya bati lake yeye.

Akazaliwa Nzuguni, wa kike, mwenye sauti. Mwamvua alimkanda Munira kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akambeba mtoto kuliko mama yake. Munira alimshukuru kwa kila jambo, kwa adabu, na hakuongeza neno.

Siku ya arobaini Hamida akaja. Mwamvua alimwona kwa upenyo wa pazia: amesimama juani na kifurushi cha unga wa mtama na khanga mpya, vumbi la safari miguuni. Mtoto alikuwa mapajani mwa Mwamvua.

"Hodi," Hamida aliita.

Mwamvua hakujibu. Desturi anaijua kila mtu: hodi ni tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka. Aliifurahia ile ya kwanza kama mtu anavyofurahia maji baada ya swaumu.

"Hodi wenyewe."

Munira alikuwa ameinua kichwa kitandani.

"Hodi jamani," sauti ilisema, na safari hii ilikatika katikati.

Mwamvua akaendelea kumtikisa mtoto polepole. Nje, nyayo ziligeuka.

"Anti," Munira alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuigusa habari ile. "Wewe ulikaa mle chumbani miezi kumi na mitatu. Nilidhani kama yuko mtu mmoja duniani wa kuninyamazia, ni wewe."

Akashuka kitandani, akamchukua mwanawe kutoka mapajani mwa Mwamvua, akaenda kufungua mlango akimwita mama yake.