Shingo za Mitungi

Kila ninaponusa udongo wa kichuguu ukiloweshwa maji, nakumbuka saruji niliyoipaka kwa mikono hii, na bado naona aibu. Harufu hiyo hunirudisha mjini Baraka, kando ya ziwa, kwenye nyumba ya Bibi Zaituni, mama yake mama yangu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, kuta zake nene kiasi kwamba niliweza kujikunja dirishani na kusinzia bila kuanguka.

Juu ya kuta zile, chini ya paa, kulikuwa na matundu kumi na moja ya duara. Mimi niliyaona kama milango ya popo, basi.

Mwaka ambao wakimbizi Warundi walianza kufika kambi ya Lusenda, Mjomba Hamadi alirudi kutoka Uvira na mifuko ya saruji na jenereta. Alitembea sebuleni akigusa kuta kama mtu anayegusa nguo iliyochakaa.

"Mama, batu banatucheka," akasema. "Nyumba ya udongo mu Baraka, leo?"

"Bacheke," Bibi akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Lakini Bibi alipopanda kwenda Fizi kumuuguza dada yake, Mjomba, aliyeyaona matundu yale kuwa ya kizamani, akanisimamishia ngazi. Nilikuwa msichana mdogo, mwepesi, na niliahidiwa feni. Nikayaziba matundu yote kwa saruji, tena nikiimba.

Bibi alirudi akakuta nyumba ni tanuri. Feni ilizungusha joto lile lile, jenereta ikanguruma chini ya dirisha, na moshi wake ukaamsha pumu yake. Akahamishia mkeka wake barazani. Mjomba hakuona kosa lake, akaona la nyumba: kama hata feni imeshindwa, basi ibomolewe kabla ya mvua. Akaanza hata kutafuta mafundi.

Siku moja adhuhuri Bibi aliingia ndani, akainua macho juu.

"Nani aliziba?"

Ningeweza kumtupia Mjomba lawama. "Ni mimi, Bibi."

Hakunipiga. Aliniambia nilete ngazi, akanipa patasi na nyundo. Wanaume waliotoka msikitini wakasimama mlangoni kutazama. Nilipopasua saruji ya tundu la kwanza, chini yake nikaona mdomo mwekundu wa mtungi wa maji, umejengewa ukutani.

"Uyo ni Mwajuma, mama ya babu yako," Bibi akasema kutoka chini. "Mutungi yake ilipasuka, shingo tukaipa ukuta. Endelea."

Kila tundu lilikuwa shingo ya mtungi, na kila mtungi ulikuwa na mwanamke wake. Alinitajia wote. Mjomba akaja mbio.

"Shuka, we mutoto."

Sikuwa nimewahi kumbishia mkubwa kabla ya siku ile. "Sishuki, Tonton," nikamjibu Mjomba.

Akamgeukia mama yake, na Bibi akamtazama tu, hadi akatoka kwenda kuizima jenereta mwenyewe. Tundu la kumi na moja lilikuwa la Bibi mwenyewe. Nilipolifungua, pazia la chumbani likatikisika. Upepo wa ziwa ulikuwa umerudi. Jioni tulikanda udongo wa kichuguu, tukaziba nyufa nilizozifanya kwa patasi.

Nilidhani siku ile nimeokoa nyumba isipate joto. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba niliwaziba pumzi wanawake kumi na mmoja, na kwamba wao ndio walioipoza nyumba ile miaka yote bila kutumia hata tone la mafuta.

Bibi ameshatutoka, na nyumba ameniachia mimi. Wapo wanaonishauri nibomoe, nijenge kwa bloku za saruji, niweke mashine ya baridi. Nawakaribisha waketi kwanza. Mjomba mwenyewe ana nyumba ya bloku jirani, na kila adhuhuri huja kulala sebuleni kwangu.

Mwezi uliopita mtungi wangu ulivunjika kisimani. Nilipanda ngazi na shingo yake mkononi, barabara nzima ikitazama. Sasa matundu ni kumi na mawili.