Udongo wa Twalibu

Athanas alikuwa mtoto wa Dumila, aliyekulia kwenye madirisha ya mabasi akiwauzia abiria. Nyanya iliyooza upande mmoja alijua kuishika hapo hapo palipooza, abiria akaona upande mzuri tu. Kwa werevu huo alijisomesha mpaka akaingia uhandisi wa mitambo Dar es Salaam, enzi zile za ruksa, kila mtu akiuza alichonacho.

Mwaka wa tatu akapangiwa fildi, mafunzo ya kazini, ya wiki nane katika kiwanda cha risasi, chini ya milima ya Uluguru. Siku ya kwanza aliapishwa kutosema ayaonayo. Mlangoni mwa karakana mtu huvua viatu vyake, akavaa vya mpira vya humo ndani, na jioni akaviacha. Hata mchanga wa kwenye soli hauingii wala hautoki.

Nje ya geti Mwanvita aliuza mihogo ya kukaanga. Miaka sita nyuma baruti ilimlipukia mumewe, Twalibu, karakana namba tatu. Jeneza lilipelekwa kwao Mlali limepigwa misumari, marufuku kufunguliwa. Mtu hakuoshwa. Tangu hapo, Mwanvita alisema, kila alfajiri humsikia akigongagonga kata mtungini.

"Anatafuta maji," alimwambia Athanas. "Roho yake imebaki mle ndani. Mwanangu, niletee udongo wa pale alipoangukia, kiganja kimoja tu. Wajomba zake wauzike, alale."

"Mama, nikikamatwa ni jela."

"Hukamatwi. Wewe una uso wa msomi. Kula muhogo."

Wiki ya sita Athanas alipata kuingia namba tatu. Sakafu ilikuwa saruji tupu, inayong'aa kama sahani. Akainama. Nyuma yake akasikia sauti ya Ahmadi, fundi mkuu.

"Injinia, umeangusha nini?"

"Hakuna, mzee. Naangalia sakafu."

"Usiiangalie sana. Baada ya ule mlipuko tuliipiga maji siku tatu, yote yakateremka bondeni." Akaondoka bila kugeuka.

Jioni Athanas alichota udongo Kilakala, karibu na chumba alichopanga, akaufunga kwenye kitambaa. Udongo ni udongo, alijiambia. Mteja hununua kuridhika.

Mwanvita aliupokea kwa mikono miwili. "Jumapili twende Mlali. Aliyeuleta ndiye anayeutia shimoni." Hilo Athanas hakulipigia hesabu.

Huko Mlali, kando ya kaburi, palichimbwa kishimo. Mzee Kibwana, mjomba wa marehemu, aliitikia shikamoo yake kisha akamwelekeza: "Ita jina lake. Mwambie umemtoa wapi."

"Twalibu," Athanas akaanza. Upepo wa mlimani ulikatika, migomba ikasimama kimya. Abiria wote aliowadanganya waliondoka na mabasi yao. Huyu alikuwa yupo hapo hapo, anangoja jibu.

Akakiweka kitambaa chini. "Sikumtoa popote. Huu nimeuchota Kilakala."

Mwanvita akamsogelea. "Kwa nini, baba?"

"Mule ndani hakuna udongo, mama. Ni saruji. Waliipiga maji siku tatu." Kiapo kikawa kimevunjika, akaona bora amalizie. "Maji yakateremka bondeni."

Mzee Kibwana akauliza, "Bondeni ni ndani ya ukuta au nje?"

"Nje. Kuna bomba."

"Basi mtu wetu yuko nje miaka sita, nasi tunamwomba kwa askari!"

Kesho yake Athanas hakuingia kazini asubuhi. Aliwapitisha Mwanvita na Mzee Kibwana nyuma ya ukuta, kwenye matete, mpaka pale bomba la saruji lilipotokeza likimwaga maji membamba. Mwanvita alijitosa hadi magotini, akachota tope mwenyewe, jeusi, zito, akalikumbatia kama mtoto.

"Haya, mwite," alisema. "Safari hii usimdanganye."

"Twalibu bin Kibwana—"

"Kibwana ni mjomba, mjinga wewe!" Mwanvita akamkatiza. "Bin Lukasi!"

"Twalibu bin Lukasi. Tumekutoa hapa."

Maji ya bomba yakakatika. Wote watatu waliyatazama. Kisha yakaanza tena, polepole, na Mwanvita akatangulia kushika njia ya Mlali, tope likimchirizika mikononi.