Mkia wa Ng'ombe wa Mjane

"Soma kwa sauti," mkubwa wa mradi aliniambia mbele ya wafanyakazi wote, ofisini kwetu mtaa wa Mukendo. Mimi wa darasa la nne nikaisoma barua ya maabara ya Ulaya: ng'ombe wote wa Butiama, na wengi wa Bunda, ni ng'ombe mmoja. Watu wakacheka mpaka mhudumu akamwaga chai. Mkubwa yeye hakucheka. "Mkusanyaji ni wewe. Rudisha baiskeli ya mradi."

Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi.

Kiwandani nilikofanya kazi kwanza walikuwa wametupunguza, nikabahatika kuingia mradi wa kutafuta asili ya ng'ombe wetu. Kila boma tulichukua nywele za mkia, tukazitia kwenye bahasha yenye namba. Nywele zilikwenda Ulaya kusomwa vinasaba. Maelezo ya kila bahasha, kijana wa kompyuta aliyaingiza kwenye programu aliyoitunga mwenyewe, akatuma disketi. Vyote viliwekwa kwenye hifadhi moja, wataalamu wa nchi zote waangalie.

Sasa nani kwetu atampa mgeni nywele za ng'ombe wake? Zikifika kwa mchawi je? Ndiyo maana, tusije tukadanganywa, tulitakiwa kung'oa sisi wenyewe, tukiwa tumemwona ng'ombe. Lakini bwana mifugo, mtu wa kivuli na togwa, akatangaza: "Kila mwenye boma ang'oe mwenyewe, alete hapa."

Pale Butiama mama mmoja mjane alikuwaga na ng'ombe mwekundu, tasa, mpiga mateke, ambaye hata mchawi asingemtaka. Kijiji kizima kikahamia mkiani kwake. Mashemeji wa Bunda nao wakafungiwa mafungu yao ya nywele zilezile. Nilipomwona yule ng'ombe, mkia umebaki kama fimbo, nzi wanamkalia wanavyotaka.

"Mwanangu," mjane akaniuliza, "huo mkia mtaurudisha lini?"

Nikamfuata bwana mifugo. "Bwana, hizi nywele zote ni za yule mmoja."

"Wewe bandika namba. Unataka tuzunguke boma zote na jua hili?"

Nikabandika. Lakini pembeni mwa daftari la maelezo, kila mstari, niliandika kwa kalamu nyekundu: *Huyu ni yule wa mjane.* Daftari nikampa kijana wa kompyuta mkononi. Mkononi!

Siku niliyofukuzwa nilimuuliza, "Maneno yangu mekundu uliyaweka wapi?"

"Kaka, programu yangu haina nafasi ya maneno ya pembeni. Ina namba, boma na rangi."

"Na rangi hukuona zote ni nyekundu?"

"Niliona. Nikajua ndiyo mbegu ya kwenu."

Bwana mifugo akapandishwa cheo. Kijana akapelekwa ng'ambo kusomea kompyuta zaidi. Mimi nachoma mihogo mtaani Nyasho, na wateja bado wananiita Ng'ombe Mmoja.

Daftari limo kwenye kabati la ofisi ile, nililiona likifungiwa. Lifunguliwe. Bwana mifugo na yule kijana wa kompyuta wasimame mbele ya watu walewale, wasome kwa sauti maneno yangu mekundu, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu waseme nani alistahili kurudisha baiskeli.