Ng'ombe wa Bibi na Deki ya Mifumo Yote

Kama uliwahi kuanika betri za redio juani ili zifikishe taarifa ya habari ya jioni, na ukarudisha kanda ya kaseti kwa kuizungusha na kalamu, basi wewe na mimi ni wa rika moja na huna haja ya kuelezwa deki ilikuwa nini. Wengine wasogee karibu. Deki ni lile sanduku jeusi lililokaa chini ya televisheni, likimeza kanda nene ya video na kutoa picha. Nyumba yenye deki ilijulikana kwa wingi wa viatu mlangoni, maana Jumapili mchana mtaa mzima uliingia humo na wenye nyumba wakakosa pa kukaa.

Sisi tulikulia Same mjini, kwenye upepo unaokutia vumbi mpaka kwenye meno. Tulicheza rede na kombolela hadi mama zetu walipoita majina yetu yote matatu. Shuleni tulikwenda na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, na aliyechelewa alimwagilia miti ya mwalimu mkuu. Chakula kilikuwa makande ya mahindi na maharage, yanainjikwa asubuhi, yanachemka polepole na harufu yake inakungoja mlangoni utokapo shule. Wanangu leo wakila makande siku mbili mfululizo wananiuliza kama tumefilisika.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa mambo mawili, ubahili na kupenda kesi, na baba yangu alikuwa ameyachukua yote mawili bila kuwabakizia majirani. Alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge. Hakuna kitu kilichonunuliwa nyumbani kwetu bila kesi. Akisikia mtu anataka birika jipya, aliketi kwenye kiti chake cha mbao na kusema, "Haya, birika lijitetee." Mwenye kulitaka alisimama na kulisemea, wengine wakapinga, kisha baba akahukumu. Birika lilishindwa mara tatu. Mama alilipata siku la zamani lilipomwaga chai mbele ya mchungaji.

Kesi kubwa ya utoto wangu ilikuwa ya deki, na aliyeifungua ni bibi, mama yake baba, aliyeishi kule juu milimani, Vudee. Mwanawe wa mwisho, baba mdogo Eliamini, alikuwa amekwenda Marekani kusoma, na huko akapata kazi kwenye ghala. Mwaka mmoja ikaja barua kwamba ameangukiwa na mzigo mguuni. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo barua zote alisomewa na baba, na baba alisoma kwamba Eliamini aliumia kidogo, akatibiwa, amepona. Baada ya hapo zikawa zinakuja picha. Bibi alizipanga mezani kwetu, akazitazama moja moja kwa muda mrefu.

"Mbona hakuna picha inayoonyesha miguu?" akauliza. "Hapa ana meza mbele yake. Hapa yumo ndani ya gari. Hapa kasimama nyuma ya ua. Mwanangu ana miguu au hana?"

"Mama, si nilikusomea barua?" baba akasema.

"Barua unasoma wewe. Mimi nataka nimwone akitembea."

Miezi michache baadaye msharika mmoja aliyerudi kutoka huko alileta kanda ya video aliyopewa na baba mdogo. Televisheni tulikuwa nayo, lakini deki za Same wakati ule zilikuwa za kuhesabika, na moja ilikuwa kwenye banda la video. Bibi alikataa katakata mwanawe aonyeshwe mbele ya vijana waliolipa kiingilio. Alipanda gari la gulio akarudi Vudee, akamuuza ng'ombe wake wa maziwa, naye alikuwa na huyo mmoja tu, akashuka tena na fedha zimefungwa kwenye pindo la kanga. Akaziweka mbele ya baba. "Ninunulie chombo cha kumwona Eliamini," akasema. Tangu siku hiyo bibi alikunywa chai ya rangi.

Jumamosi baada ya kula, kesi ikaanza. Baba alikuwa na karatasi ya matangazo kutoka duka moja la Moshi, yenye picha za deki na maelezo ya kila moja, na bei zilipanda kadiri vitufe vilivyoongezeka. Kaka yangu Elibariki alitetea deki ya vichwa vinne. Alikuwa amesikia shuleni kwamba ndiyo inayotoa picha safi, lakini alipoulizwa hivyo vichwa viko wapi na vinafanya nini, alitazama dari. "Mimi nina kichwa kimoja," baba akasema, "na stoo haijapotea hata msumari." Mama alitaka inayorekodi, ili kwaya ikitokea kwenye televisheni wakati yeye yuko cherehani, aikute baadaye. Hoja hiyo ilipita, kwa kuwa baba alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne. Saa ya kurekodi yenyewe bila mtu kuwepo ilitupwa nje haraka sana. Baba alisema hawezi kulipia kitu kitakachokesha kikila umeme yeye amelala.

Mimi nilisimama kutetea rimoti. Nilikuwa darasa la tano, nimejiandaa wiki nzima. Nilisema rimoti inamwezesha mzee kubaki kitini. Baba akatuonyesha kwa kidole mimi na kaka yangu, akasema, "Rimoti ninazo mbili, zinakula makande na zinakwenda dukani pia." Watu wakacheka, nikaketi. Nilimkasirikia mpaka kesho yake.

Bibi hakutetea kitufe chochote. Alisema tu kwamba chombo kitakachonunuliwa kimwonyeshe mwanawe, na mengine tutajua wenyewe.

Baba alinichukua twende naye Moshi ili nimsaidie kusoma maandishi ya kwenye maboksi. Dukani alichagua deki inayorekodi, isiyo na rimoti, akaomba punguzo kwa muda ambao mtu angeweza kupika wali. Muuzaji alipoanza kufunga boksi akauliza kama tuna kanda za kuanzia. Baba akasema tunayo moja kutoka Marekani.

"Basi hii haitakufaa, mzee," muuzaji akasema. "Kanda za Marekani zina mfumo wake. Chukua ile kule, ya mifumo yote. Bei imepanda kidogo, lakini itasoma kanda ya nchi yoyote."

Baba aliweka mkono juu ya boksi la ile ya mifumo yote, nikadhani ananunua. Kisha akauondoa. "Tufungie hii hii," akasema. Njiani kwenye basi aliniambia yaliyosemwa dukani yabaki dukani, nami nikaona aibu kuwa na baba bahili kuliko wote Upareni.

Jumapili tulikusanyika sebuleni. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Kanda ikaingia, na picha ikaja bila rangi, imekatikakatika, inapanda na kushuka, na sauti inakwaruza. Ulionekana mstari, kivuli, halafu mistari tena. Baba aligusa waya huku na kule, akasema kanda imeharibika safarini. Bibi alivua viatu, akavishika mkononi, akaenda chumbani.

Kesho yake asubuhi, shule zimefungwa na baba yuko likizo, nilikuwa naye uani tunachambua maharage. Nilimtazama anavyotoa vijiwe kwa vidole vyake vilivyopinda, anavitupa, anarudi tena kwenye ungo, na moyo ukanishinda. Nikamwambia kila kitu, maneno ya muuzaji na deki ya mifumo yote. Bibi alimaliza ungo ule. Kisha akainuka, akaingia sebuleni, akaketi kwenye kiti cha mbao cha baba. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa pale.

"Niitie baba yako," akasema. "Leo deki inajitetea."

Baba alisimama mbele ya mama yake kama tulivyokuwa tukisimama sisi. Bibi alimuuliza kama ni kweli muuzaji alimwonya. Baba akakubali. Akamuuliza kama fedha zilipungua. Baba akasema zilibaki, akazitoa mfukoni na kuziweka mezani. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sikuelewa. Bahili gani anaacha kununua kitu kwa fedha ambazo si zake?

"Sikutaka uione hiyo kanda, mama," baba akasema. "Eliamini aliniandikia nikuonyeshe, mimi nikaogopa. Una presha."

"Mguu umekatwa?"

"Umekatwa."

"Wapi?"

"Chini ya goti. Wamempa wa bandia."

Bibi alishika mguu wake mwenyewe, chini ya goti, akaufinya kama anapima. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sentimita shingoni, machozi yanamtoka.

"Nimezaa saba," bibi akasema, "nimezika watatu, na shamba nikalima wiki ileile. Ni lini uliniona nimeanguka? Unanisomea barua nusu kama mtoto. Ng'ombe wangu nimemuuza ili nione, sikumuuza ili nifichwe."

Baba akasema, "Nisamehe, mama." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote kabla ya siku hiyo.

"Nimekusamehe. Basi la Moshi linapita saa ngapi?"

Akavaa viatu vyake. Baba alimsihi abaki, ataibadilisha yeye. Alimsihi mpaka stendi, na bibi akapanda basi mbele yake. Mama alitusimulia baadaye, kama alivyosimuliwa na bibi, kwamba muuzaji alikubali kuipokea deki ya kwanza kwa bei pungufu. Fedha zilizobaki hazikutosha kuongezea, na baba akatoa za kwake bila kuomba punguzo hata mara moja. Mama aliirudia habari hiyo kwenye mikutano ya kina mama kwa miaka.

Deki ya mifumo yote ilikuja na rimoti ndani ya boksi, kwa hiyo kesi yangu nilishinda bila kutetea. Siku ileile jioni, kabla taa za mtaani hazijawaka, kanda ikawekwa. Baba mdogo alitokea mlangoni pa nyumba moja ya mbao, amevaa kaptura makusudi, mguu mmoja wa nyama na mmoja wa chuma na plastiki. Akasema, "Shikamoo mama. Tazama." Akashuka ngazi tatu, akatembea hadi kwenye sanduku la barua lililokuwa kando ya barabara, akatoa bahasha, akarudi. Alichechemea, lakini hakushika kitu.

"Marahaba," bibi akaiambia televisheni. Kisha akanigeukia. "Rudisha."

Nikarudisha. Akashuka tena zile ngazi. "Rudisha." Nilirudisha mpaka kidole kikaniuma. Mara ya kumi na kitu bibi alianza kucheka, kicheko kilichotoka tumboni, akasema Eliamini anatembea kama marehemu baba yake akitoka kunywa pombe ya dengelua. Baba akacheka, halafu akalia, wala hakutoka nje kujificha. Katika kesi nzima ya deki hakuna aliyekuwa amekitetea kitufe cha kurudisha nyuma, kwa kuwa kila deki ilikuwa nacho, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Kuanzia hapo, kila bibi aliposhuka kutoka Vudee, kabla hajanywa hata maji, aliuliza kama umeme upo. Aliangalia kipande kile tu, cha ngazi hadi sanduku la barua. Alifariki kabla baba mdogo hajapata nauli ya kurudi. Alimwona akitembea, na hilo halikumpita.

Leo wanangu wanaongea na babu yao Eliamini kwenye simu kila Jumapili, uso kwa uso. Wanasema "mambo babu", kisha simu inalazwa kitandani na mzee wa watu anabaki anatazama dari letu. Wanamwona kila wiki, tena bure! Juzi mkubwa wao alinijia akitaka simu yenye kamera tatu. Nikaketi kitini, nikamwambia kila kamera ijitetee. Alifika ya pili akakwama. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilimsikia baba kwenye koo langu.

Mwaka huu niliamua kanda ile isife. Wanangu wakaniambia nitafute simu mpya, nisahau mambo ya kale, nikakataa. Nilikwenda Moshi mara tatu mpaka nikampata kijana mwenye deki nzima, anayehamishia kanda kwenye flashi. Aliivuta mwanzo hadi mwisho, akanionyesha kwenye kompyuta yake. Mwanzo unaonekana vizuri, baba mdogo yuko mlangoni. Mwisho pia, anapunga mkono na kuaga. Lakini pale katikati, kuanzia ngazi hadi sanduku la barua, kuna chengachenga nyeupe, na ndani yake kivuli cha mtu anayechechemea.

"Mama, kanda yako ni nzima," kijana akasema, "ila hiki kipande kimekwisha. Kuna mtu alikirudiarudia sana. Nikikate, ibaki safi?"

Nilimshika mkono kabla hajabonyeza.

"Usiguse hapo," nikamwambia. "Hapo ndipo alipo ng'ombe wa bibi."